Mpimaji wa Fungu la Kumi na Saba

Alizaliwa wapi sijui, na ukoo wake sikuwahi kuuliza. Nilimkuta kiwandani tayari ana mvi, na alipoondoka aliondoka kwa kufukuzwa, sababu nikiwa mimi. Hilo la mwisho kwa miaka mingi niliamini tunalijua wawili tu, mimi na Mungu wangu. Ningependa kuanza na tabia zake na vituko vyake, jinsi alivyokuwa akivaa sweta jua likiwaka, lakini najijua: nikiahirisha kosa langu nitalikimbia. Nilifuta namba yake moja kwenye kompyuta. Kesho yake aliponiuliza kama karatasi yake niliipata, nilimjibu, "Karatasi ipi, mzee?" Nilikuwa nimeipata. Wakati namjibu ilikuwa ndani ya droo niliyoiegemea kwa goti, nimeikunja mara nne.

Haya, nimesema. Sasa nimweleze mtu mwenyewe.

Kiwanda chetu kilikuwa cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi, siku hizo bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga. Mashine zilitenga nyuzi na mbegu. Nyuzi zilifungwa marobota zikaenda zake mbali, mbegu zikarudi vijijini kupandwa msimu unaofuata. Kabla hazijarudi lazima mtu ahakikishe kwamba zitaota, na mtu huyo alikuwa yeye. Tulimwita Mpimaji. Alikuwa na chumba nyuma ya ghala, meza mbili za mbao na trei za bati zilizojaa mchanga. Magunia yaliyotoka ghala moja kwa siku moja tuliyaita fungu, na kila fungu lilikuwa na namba yake. Katika kila fungu alichota mbegu mia moja, akazifukia kwenye mchanga uliolowa, akangoja siku saba, kisha akahesabu zilizoota. Zikiota themanini na mbili, aliandika themanini na mbili. Kazi yote ni hiyo. Ukiisikia hivi unaiona ya kitoto, na mimi niliiona hivyo hivyo.

Alihesabu kwa ukucha wa kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, ambao aliufuga mrefu kwa kazi hiyo. Alianza kushoto kwenda kulia, halafu akarudi kulia kwenda kushoto. Hesabu mbili zisipolingana alisonya, akatukana Kisukuma tusi ambalo siwezi kuliandika hapa, akaanza upya. Akiwa anahesabu hakuna salamu. Siku moja meneja alimletea wageni wa makao makuu, watu wa suti, akasema, "Mzee, wageni hao." Mpimaji akanyoosha kiganja hewani bila kugeuka. Wale watu walisimama na tai zao kwenye joto la bati mpaka akamaliza trei nzima, akanawa, akapangusa mikono kwenye sweta, ndipo akawasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje.

Daftari lake lilikuwa kubwa, la jalada gumu, limefungwa ndani ya mfuko wa mbolea, na halikutoka kwapani mwake. Hata chooni alikwenda nalo. Kila ukurasa aliuchora mwenyewe kwa rula: namba ya fungu, siku, zilizoota, mpimaji, mpokeaji. Mpokeaji ni yule aliyepokea ile namba ofisini, na tangu niajiriwe alikuwa mimi. Alikuwa akiniachia namba kwenye kipande cha karatasi, kisha asubuhi inayofuata anapita dirishani pangu na kuuliza, "Karani, karatasi uliipata?" Nikisema nimeipata, analifungua daftari palepale, analiegemeza ukutani, anaandika jina langu na la baba yangu. Nilimwambia, "Mzee, si uandike tu jana ileile? Nani mwingine ataichukua?" Akanitazama kwa huruma fulani hivi. "Siandiki ambacho sikukiona, au sikukisikia kwa mwenyewe."

Na hakuacha mahali patupu. Hilo ndilo lilikuwa neno lake kuu, alilisema mpaka vibarua wakawa wanamwigiza. "Penye sifuri andika sifuri! Usiniachie patupu!" Alisema mahali patupu ni pa shetani, kila mtu anaingia na kukaa anavyotaka. Walisimulia kwamba enzi za ushirika alikuja karani wa ghala la Malampaka na daftari lenye pengo moja, mstari mmoja tu haukujazwa. Mpimaji akamrudishia, akamwambia mbegu za ghala lile hazipimwi mpaka pengo lijazwe. Yule bwana alikuja kwa baiskeli, njia ya Maswa, vumbi limemjaa kope. Akabembeleza, akaleta mpaka watu wazima wamwombee. Wapi! Akaipanda baiskeli akarudi, akaja tena siku ya tatu. Pengo lilikuwa la magunia yaliyonyeshewa.

Lakini mtu huyo huyo, aliyehesabu kila kitu chini ya jua, hakuhesabu ng'ombe wake wala watoto. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo, ni kuwaita balaa, wazee wetu waliamini hivyo na wengi wanaamini bado. Yeye alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari, Jumapili viti vya mbele, na kiunoni ana hirizi. Ukimuuliza, "Mzee, una watoto wangapi?" anajibu, "Wapo." Ng'ombe? "Wapo." Nilimchokoza: "Wewe unayehesabu mbegu za watu wote, za kwako umeshindwa?" Akasema, "Mbegu zimekwishakufa nusu, ndiyo maana nahesabu. Vilivyo hai viache." Hakuwa anatania.

Alikuwa mchoyo wa vitu vidogo kupita kiasi. Kalamu yake hakumwazima mtu. Chai yake aliifunika kwa daftari la zamani ili vibarua wasione kama imebaki. Halafu mwaka niliojifungua, bila kuniambia neno, aliniletea debe la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na kibuyu cha maziwa mgando, akaviweka mlangoni kwangu, akaondoka kabla sijafungua. Kesho yake nilipomshukuru alikasirika. "Michembe ipi?" akasema. Ukiangalia vizuri hata neno nililomdanganyia nilikuwa nimelisikia kwake.

Nduguye aliyempenda waziwazi alikuwa dada yake, mjane, anayelima upande wa barabara ya Lamadi. Alikuja gulioni akiwa na binti yake mdogo mgongoni, na akipita kiwandani Mpimaji aliacha trei zake, jambo ambalo hakulifanya kwa meneja. Walikaa kwenye gunia moja wakicheka Kisukuma cha ndani ambacho mimi niliyelelewa mjini nilikikamata nusu. Huyo dada alilima kwa jozi moja ya maksai, na kila msimu alipanda mbegu alizozipima kaka yake. Alisema hivyo kwa majivuno, anajipiga kifua.

Kisha soko likafunguliwa. Ushirika ulikuwa umekufa kifo cha polepole, na wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake chini ya turubai, kila mmoja anataka pamba kabla mwenzake hajaipata. Zamani pamba safi ilikaa peke yake na pamba fifi, ile chafu ya bei ya chini, peke yake, na iliyolowa ilirudishwa nyumbani ikaanikwe. Sasa mnunuzi akikataa pamba yako, wa jirani anaipokea palepale. Watu wakajua. Wakaimwagia maji iongezeke uzito, wengine mchanga, na mnunuzi anafumba macho. Pamba mbichi ikirundikwa ghalani inachemka. Ukiingiza mkono ndani ya rundo unautoa haraka. Mbegu iliyomo inapikwa hukohuko ndani, na kwa nje haionyeshi dalili yoyote.

Mpimaji aliona kwenye mchanga wake. Sabini, sitini na nane, sitini na moja. Kila wiki aliniachia karatasi mezani bila maneno, nami naingiza. Nilikuwa nimepewa kompyuta, ya kwanza pale kiwandani, na kwa nini nijifiche, iliniingia kichwani. Jenereta likiwashwa mimi naketi na feni. Namba zote za mbegu nilizipanga kwenye jedwali la kompyuta, mistari na safu, kisanduku kwa kisanduku, na vibarua walikuja kuchungulia dirishani jinsi ninavyobonyeza.

Baadaye makao makuu wakamtuma kijana fundi kutoka Dar es Salaam, na programu ndani ya disketi. Tuliiita Mkaguzi. Kazi yake ni kulisoma jedwali langu lenyewe na kulikagua bila mtu kuhangaika, na ikiona namba isiyokubalika inapaka kisanduku rangi nyekundu, na jedwali lenye wekundu haliwezi kuchapwa. Bila karatasi iliyochapwa hakuna gunia linalotoka. Fundi alinifundisha kuviunganisha hivyo viwili: unaiambia Mkaguzi safu hii ndiyo namba ya fungu, safu hii ndiyo zilizoota, kisha unaipa masharti. Nilishika siku hiyo hiyo. Akaniambia, "Dada, wewe una kichwa." Jamani, nilivimba.

Sharti moja lilihitaji Mpimaji. Fundi akamwita, akamuuliza, "Mzee, tangu uanze kazi, namba ndogo kabisa uliyowahi kuipata ni ngapi?"

Mpimaji akafungua madaftari ya ushirika, akapekua kwa muda mrefu. "Hamsini na moja."

"Basi chini ya hamsini itakuwa ni kosa la kuchapa. Tutaweka kikomo hapo, Mkaguzi aikatae, karani arudie."

"Na ikija thelathini?"

"Haiwezi kuja, mzee. Umesema mwenyewe haijawahi."

"Nimesema haijawahi." Alisimama pale akitazama kioo cha kompyuta. "Na pasipoandikwa kitu? Huyu wako anasemaje?"

Fundi akacheka, akasema hilo ni la baadaye, basi lake linaondoka. Mimi nilicheka naye. Nilikuwa upande wa fundi.

Siku ya fungu la kumi na saba Mpimaji alikuwa na msiba kwa jirani yake. Aliondoka mapema, na mimi nilikuwa nje nyuma ya ofisi nanyonyesha mtoto. Niliporudi nikakuta karatasi yake mezani, ameiwekea jiwe juu. Fungu la kumi na saba, thelathini na nne. Nikaingiza. Kisanduku kikawaka nyekundu. Nikarudia, thelathini na nne, nyekundu. Malori matatu yalikuwa yameshapakiwa uwanjani, injini zinanguruma, kwa sababu mawingu yalikuwa yamesimama upande wa ziwa na kila kijiji kinangoja mbegu. Meneja akaja mlangoni. "Karani, hiyo karatasi!" Akaenda, akarudi. "Karani, unanichelewesha!"

Nilijua mambo mawili kwa pamoja. Nilijua Mpimaji hakosei kuhesabu. Na nilijua fundi amesema namba chini ya hamsini ni kosa. Nikachagua la fundi kwa sababu ndilo lililokuwa jepesi. Nikajisemea, nitakiacha kisanduku hiki kitupu, kesho nitamuuliza mzee, nitajaza. Nikafuta. Wekundu ukatoweka. Mkaguzi akaandika chini: makosa, sifuri. Kisanduku kitupu kwake hakikuwa kosa, maana hatukumpa sharti lolote la patupu. Karatasi ikachapwa, meneja akaikwapua ikiwa bado ya moto, akaipiga mhuri. Malori yakatoka.

Asubuhi Mpimaji akasimama dirishani na daftari lake. "Karani, karatasi uliipata?" Nikasema nilichosema. Hakubisha. Alinitazama kidogo, macho yake yakashuka kwenye droo, sijui kama alikuwa ameona kitu au ni mimi niliyejishuku. "Haya," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane alilifunga daftari bila kuandika.

Alikwenda moja kwa moja kwa meneja. Nilisikia kila neno, ukuta ulikuwa wa ubao. "Kumi na saba lisitoke." "Limeshatoka, mzee, Mkaguzi amelipitisha." "Zimeota thelathini na nne." "Namba hiyo iko wapi? Nionyeshe kwenye jedwali." Nikasikia mlango ukifungwa. Baadaye nikaona baiskeli yake inatoka langoni, sweta limefungwa kiunoni.

Alizunguka vijiji kwa siku nne. Aliwaambia watu mbegu ile imekufa, wasiipande. Nani angemsikiliza? Mvua ilikuwa imeshanyesha, maksai wako shambani, na gunia lina karatasi ya kompyuta yenye mhuri. Wengine walisema ametumwa na mnunuzi mwingine kuharibu soko la mwenzake, na hilo ndilo lililomshika mpaka mwisho. Alifika kwa dada yake pia. Dada alikuwa katikati ya shamba. Akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Kaka, una nyingine umeniletea?" Hakuwa nayo. "Basi mvua hainingoji." Akapanda.

Mashamba yale yakabaki mekundu, udongo mtupu, hapa mche mmoja, pale mmoja. Watu waliomba mbegu nyingine, walipozipata mvua zilikuwa zimegeuka. Msimu huo hawakuwa na pamba, na asiye na pamba hana cha kununulia mahindi yakimwishia ghalani. Njaa ilipoingia iliingia kwenye vijiji vya fungu lile kwanza. Dada yake aliuza maksai. Kisha akachukua watoto, akashuka Lamadi kuanika dagaa wa watu ufukweni. Alifia huko kwa kuhara, na hakufa peke yake.

Kamati ilikaa kwenye ghala tupu, watu watatu nyuma ya meza. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu za kikao. Ndiyo, mimi. Meneja akainua karatasi. "Hapa. Fungu la kumi na saba halina namba. Mpimaji hakupima, kisha akapita vijijini kutuchafua."

"Nilipima," akasema Mpimaji. "Thelathini na nne."

"Ulimkabidhi nani?"

"Niliacha karatasi mezani, ofisini."

"Nani aliichukua?"

"Sikumwona."

Niliinamia karatasi, nikaendelea kuandika. Mwenyekiti akamuuliza daftari lake liko wapi. Mfuko wa mbolea ulikuwa katikati ya miguu yake, niliuona, alikuwa ameubana kwa visigino. Akasema, "Silitoi."

"Mzee, daftari ndilo litakalokuokoa."

"Silitoi."

Nilifikiri amechanganyikiwa kwa msiba wa dada yake. Aibu yangu kubwa ni kwamba nilishukuru. Nikaandika: Mpimaji amekataa kutoa daftari. Wakamfukuza mchana huohuo, bila kuaga mtu. Trei zake zikageuzwa za kulishia kuku nyumbani kwa meneja. Miaka miwili mbele kiwanda nacho kikafungwa, bati likaibwa, na kompyuta yangu sijui iliishia wapi. Nilikuwa na mdomo muda huo wote.

Nilijua alipoishia. Miaka mingi baadaye alihamia Malampaka, kwa yule binti wa dada yake aliyekuwa akibebwa mgongoni, ambaye sasa alikuwa mtu mzima ameolewa karibu na stesheni. Nilipita pale kwa treni ya Mwanza mara nyingi. Kila mara nilijisemea treni inasimama muda mfupi. Mpaka siku ile injini ilipokufa pale pale Malampaka, tukaambiwa tushuke, tungoje nyingine mpaka jioni. Abiria walitukana. Mimi nilikaa juu ya sanduku langu, nikajua sina pa kukimbilia tena.

Nilimkuta uani, kwenye kigoda, amevaa sweta. Macho yalikuwa yameingia ukungu, yote mawili. Binti alikuwa ameketi kwenye mkeka anakata viazi vya michembe, kisu kinakwenda haraka, chungu kiko motoni. Mwanamke mchangamfu. Hakunijua. "Karibu, dada! Umekuja na bahati, ugali uko karibu, nitakuletea maji unawe."

Nikamsalimu kwa Kisukuma, kama mtu na baba yake, "Mwadila, bhabha."

Mzee akainua kichwa. "Mwadila. Mhola?" Alikuwa akiuliza kama ni salama, sikio ameelekeza kwangu. "Karani."

Tulizungumza mambo ya hovyo, mvua, treni. Nikamuuliza habari za watoto wa marehemu dada yake, kwa sababu sikujua niseme nini.

"Walikuwa sita," akasema. "Wapo wanne."

Nilimsikia akihesabu. Mtu yule, akihesabu watoto. Akamwambia binti, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, niletee ule mfuko." Binti akafuta mikono, akauleta mfuko wa mbolea, uleule, umechanika pembeni. Mzee akalitoa daftari, akalifungua bila kupapasa sana, akaweka kidole kwenye ukurasa. "Soma hapo."

Fungu la kumi na saba. Siku. Zilizoota, thelathini na nne. Mpimaji, jina lake. Mpokeaji, patupu.

"Kwa nini hukulitoa, bhabha?" nikamuuliza. "Siku ile. Lilikuwa miguuni kwako."

"Lina pengo. Nimewarudisha wangapi mimi, kwa pengo? Ningetoa langu nisemeje?"

"Ungeandika jina langu. Ulijua ni mimi."

"Nilijua. Sikuona." Akausugua ukucha ule mrefu, sasa ulikuwa wa manjano na umevunjika. "Nilikuuliza, ukasema karatasi ipi. Nikasema atarudi kuniambia. Juma likapita. Dada akazikwa. Kamati ikaja, ulikuwa umekaa pale na kalamu. Nikasema labda leo."

Nililia. Simtafutii mtu huruma, nasema tu kilichotokea. Yeye hakunibembeleza. Akaingiza mkono ndani ya sweta, akatoa kalamu, kalamu ambayo hakuwahi kumwazima mtu, akaishika kwa kuielekeza upande wangu, pembeni kidogo kwa sababu haoni. "Karani, karatasi uliipata?"

"Niliipata, bhabha."

"Jaza."

Nikajaza. Wino ulikataa mwanzo, nikaukwaruza pembeni ya karatasi, nikarudi, nikaandika jina langu na la baba yangu kama alivyokuwa akiliandika yeye. Alipitisha kidole juu ya mstari. "Usome wote. Kwa sauti, masikio nayo yamechoka."

"Fungu la kumi na saba," nikaanza. Kwenye mkeka kisu kilikuwa kinaendelea kukata. "Zilizoota, thelathini na nne." Kikapunguza mwendo. Kila mtoto wa vijiji vile alikua akilijua fungu la kumi na saba. Nikasoma jina la mpimaji. Nikafika kwenye mpokeaji, nikasoma jina langu, na la baba yangu, mpaka mwisho.

Kisu kikanyamaza. Sikugeuka kumtazama.

Mzee akalifunga daftari, akalirudisha kwenye mfuko, akakunja mdomo wa mfuko mara mbili kama zamani. "Mayu," akamwita binti, "mpe mgeni maji anawe."

Nikangoja, mikono nimeiweka magotini. Chungu kilikuwa kinachemka na kumwagika motoni, hakuna aliyekiondoa. Nilikaa mpaka kivuli cha nyumba kikanifika miguuni, na maji hayakuja. Nikaamka, nikamuaga mzee peke yake, nikarudi stesheni.